Maswali ya Bustani: Mimea Adimu ya Mapambo kwa Nyanda Zenye Jalidi

Swali. Mshauri wa Bustani, pokea salamu nyingi kutoka Molo. Mimi ni mwalimu mstaafu na nina bustani ya robo eka nyuma ya nyumba, inayotazama mashariki na kuteremkia kijito. Nimechoka na waridi na jeraniamu zinazoonekana katika kila boma, na bogonvilia niliyoipanda mara mbili imeunguzwa na jalidi ya Januari mpaka kwenye shina. Mwanangu aishiye Uingereza aliniletea matunguu ya tulipu ambayo pakiti yake ilisema yanavumilia nyuzi 15 chini ya sufuri. Yalitoa jani moja moja, kisha yakanyauka bila kuchanua. Ikiwa mimea iliyozoea theluji inashindwa kwetu, ni mimea gani ya mapambo, isiyo ya kawaida, itakayokubali kuishi hapa?
*Mwalimu mstaafu, Molo*

Jibu. Mwalimu, kilichoziangusha tulipu zako ni upungufu wa baridi. Tunguu la tulipu huhitaji kukaa kwenye udongo wa baridi, chini ya nyuzi 9 hivi, kwa muda wa wiki 12 hadi 16 mfululizo, ndipo kikonyo cha ua kipate kurefuka. Molo haina wiki kama hizo. Baridi yenu huja usiku mmoja mmoja, hukaza kati ya saa kumi na saa kumi na mbili alfajiri, na ikifika saa nne asubuhi mtu ameshavua sweta. Udongo wenyewe, kina cha kiganja tu kwenda chini, haupati habari za jalidi iliyokuwa juu ya nyasi.

Jambo la pili, ambalo wauzaji wa mbegu hawalielezi, ni kwamba zile nyuzi zinazoandikwa kwenye pakiti za Ulaya ni za mmea uliolala. Kule siku huanza kufupika mapema, baridi huongezeka kidogo kidogo, na mmea hupata majuma mengi ya kuacha kuchipua, kupunguza maji katika seli zake na kukusanya sukari kabla barafu ya kwanza haijaanguka. Nyinyi mko karibu na ikweta, ambako mwanga wa mchana ni takriban saa 12 mwaka mzima, na kwa hiyo hakuna chochote kinachouonya mmea kwamba jalidi iko njiani. Mmea hushinda kwenye jua la nyuzi 20 na zaidi ukisukuma machipukizi mapya, kisha usiku uleule unapigwa na barafu ukiwa umejaa maji. Ndiyo maana kichaka ambacho huko London hustahimili nyuzi 10 chini ya sufuri kinaweza kuungua ncha huko Molo kwa jalidi ndogo ambayo kipimajoto cha ukutani hata hakikuionyesha. Na kwa kweli hakiwezi kuionyesha, kwa kuwa usiku wa anga safi, usio na upepo, nyasi hupoa kuliko hewa iliyo kimo cha kifua, na jalidi huweza kutanda chini wakati kipimajoto kinasoma nyuzi 2 au 3 juu ya sufuri.

Kwa hiyo unapoingia kwenye kitalu cha miche, usimuulize mwenyewe mmea unavumilia nyuzi ngapi. Muulize kwao ni wapi, na katika kimo gani. Mimea inayokufaa ni ile iliyozaliwa mahali ambapo mchana una joto na alfajiri ina barafu, yaani milima ya tropiki na zile nchi ambazo majira yake ya baridi ni mapole. Nyumbani kwenu Mau ni mojawapo ya mahali hapo, na mimi ningeanzia huko kabla ya kutazama ng'ambo.

Wa kwanza katika orodha yangu ni *Kniphofia thomsonii*, ambao humea penye unyevu katika nyanda zetu za juu, Aberdare, Mlima Elgon na kwingineko, na hupanda hadi kimo ambacho miti imekwisha kukoma. Majani yake ni marefu na membamba, yamekunjika katikati mithili ya mfereji, na kutoka kati yake huchomoza kikonyo kinachofika kiunoni kwa mtu mzima. Ukisogea karibu utaona kwamba ua lake ni mkusanyiko wa vijimirija vya rangi ya chungwa vilivyoinamia chini, na kwamba vya chini hufunguka kwanza huku vya juu vikiwa bado vimefumba na vimekolea wekundu. Ndege aina ya chozi hushika kikonyo kwa miguu na kuingiza mdomo katika kila kijimirija akipanda juu. Jalidi ikiunguza ncha za majani, moyo wa mmea hubaki mzima ndani ya kichaka. Upande karibu na kile kijito chako, kwa kuwa mmea huu haupendi kiu, na baada ya miaka michache uchimbue kichaka na kukigawa, ukipenda kuwapa majirani.

Wa pili ni *Hypericum revolutum*, kichaka cha kingo za misitu ya milimani, chenye maua ya manjano makubwa kiasi cha kujaza kiganja cha mtoto na majani madogo ambayo, yakisuguliwa au yakinyeshewa, hutoa harufu ya bizari. Sijui kwa nini watu hununua vichaka vya manjano kutoka mbali hali wanacho hiki karibu. Hukubali kukatwa, na kwa hiyo unaweza kukifanya ua mfupi badala ya michongoma upande ule ambao hauhitaji miiba.

Wa tatu ndio ninaoupenda kuliko yote, na ndio mgumu kuupata: *Delphinium macrocentron*, mmea wa nyasi za nyanda za juu za Afrika Mashariki, ambao ua lake lina rangi ambayo ukiielezea huaminiwi. Ni buluu inayogeuka kijani, yenye mng'ao wa chuma, na kila ua lina kipembe kinene kinachoelekea juu nyuma yake. Mizizi yake ni minene na hubaki hai ardhini hata juu kukikauka. Huoteshwa kwa mbegu mbichi zilizowekwa mahali pa baridi, na uwe na subira. Mmea huu una sumu, kwa hiyo usiuweke penye mbuzi wala ndama.

Ukitaka rangi ya chungwa iliyo kali zaidi, tafuta *Leonotis ocymifolia*, wenye shina la pembe nne lililozungukwa na mafundo ya maua yenye manyoya, ambayo chozi wa mabawa ya dhahabu huyalinda mchana kutwa asikaribie mwenzake. Nao *Gladiolus dalenii* hukwepa jalidi kwa njia ya hekima zaidi, kwa kuwa mvua zikiisha majani yake hukauka, tunguu likalala chini ya udongo, na Januari inapita juu yake bila kuligusa.

Hapa naomba nikusihi jambo moja. Mimea hii usiing'oe msituni. Kuchimbua miche katika misitu ya serikali au hifadhi za wanyama bila kibali ni kosa la kisheria, na mishubiri ya mwituni inalindwa hata na mkataba wa kimataifa wa CITES. Zaidi ya sheria, mmea uliong'olewa porini ukiwa mkubwa mara nyingi hufa, na pale ulipotoka pamebaki shimo. Omba mbegu au vipandikizi kwa mtu ambaye tayari anao bustanini, na uulizie vitalu vinavyootesha miti na vichaka vya kienyeji. Taasisi ya utafiti wa misitu, KEFRI, ina kituo Londiani, ambako si mbali na kwako, na hapo ni mahali pazuri pa kuanza kuuliza.

Sasa nije kwenye mimea ya ng'ambo. Kutoka milima ya Andes kuna *Brugmansia sanguinea*, ndugu wa ule mti wa matarumbeta meupe unaoota kwenye nyua nyingi za Rift Valley. Huu una tarumbeta jembamba, la manjano mwilini na jekundu mdomoni, na hauna harufu ya usiku. Kwao ni kwenye vimo vya mita 2,000 na zaidi, na Molo yenye mita kama 2,500 ina hali ya hewa uliyoizoea tangu mababu, ilhali Nakuru mjini huchanua kwa uvivu. Mti wote, kuanzia jani hadi mbegu, una sumu inayoweza kumchanganya mtu akili na hata kumuua. Kama wajukuu wako bado ni wa kuweka kila kitu mdomoni, uache hadi wakue.

Kutoka Afrika Kusini kuna protea, na humo ndimo watu wengi wa nyanda za juu hupoteza fedha zao. *Protea cynaroides*, ambayo ni ua la taifa la nchi hiyo, ikishakomaa huvumilia jalidi nyepesi bila shida. Kinachoiua kwetu ni mbolea. Mizizi yake imeumbwa kufyonza fosforasi katika udongo maskini sana, na haijui kukataa ikipewa nyingi, kwa hiyo ile DAP mnayotia kwenye viazi huwa sumu kwake. Majani hugeuka manjano, kingo zinaungua rangi ya kahawia, na mwenyewe hudhani ni jalidi, akaongeza mbolea. Ukitaka kuipanda, chagua pembe ya bustani ambayo haijawahi kulimwa viazi, penye mteremko na udongo usiotuamisha maji, usitie samadi wala DAP, na usipalilie kwa jembe karibu na shina, maana mizizi iko juu juu. Inafaa ujue kwamba Kenya nayo ina protea yake ya milimani, *Protea caffra* ya jamii ya Kilimanjaro, yenye maua madogo zaidi na meupe yaliyotiwa waridi kidogo. Kama utapata mbegu zake, ningeziweka mbele ya zile za kigeni.

Kwa penye mawe na jua, weka *Echeveria* za nyanda za juu za Meksiko, ambazo hustahimili jalidi nyepesi mradi mizizi yake iwe mikavu, na bahati nzuri jalidi yenu huja wakati wa kiangazi. Kwa majani, watu husifu *Phormium tenax* wa New Zealand, wenye mapanga ya kijani au zambarau yanayozidi kimo cha mtu. Ni mmea hodari na jalidi ya Molo haiuwezi, ila naona ni mzito mno kwa robo eka, na ukishakita mizizi kuuhamisha ni kazi ya vijana wawili wenye sururu.

Kuhusu kutumiwa mimea na mwanao, mpongeze kwa moyo wake, lakini mwambie kwamba matunguu, miche na mbegu haviingii nchini bila kibali cha KEPHIS, shirika la serikali la kukagua afya ya mimea, na cheti cha afya ya mimea kutoka kule vinakotoka. Si usumbufu wa bure. Gugu maji linaloziba Ghuba ya Winam huko Kisumu ni mmea wa Amerika Kusini uliosambazwa duniani kwa sababu ya ua lake zuri la zambarau.

Mwisho, kuhusu kiwanja chenyewe. Bustani inayotazama mashariki hupigwa na jua la kwanza, na jua hilo likiangukia jani ambalo bado lina barafu huliyeyusha kwa ghafla na kuzidisha jeraha. Mimea yenye majani laini iweke mahali ambapo nyumba au mti unaitia kivuli hadi saa tatu hivi. Panda mwanzoni mwa mvua za masika, Machi au Aprili, ili mizizi iwe imekwisha kushika kabla ya Desemba, na kuanzia Oktoba acha kabisa mbolea za kuhimiza majani, kwa sababu chipukizi la Novemba ndilo chakula cha jalidi ya Januari.

Swali. Nilipanda Mlima Elgon na wenzangu, nikaona yale maua yenye vikonyo vya chungwa kando ya njia. Nataka kuyapanda nyumbani Kisumu. Je, nikimwagilia kila jioni yatakubali?
*Msomaji, Kisumu*

Jibu. Ndugu yangu, hayatakubali. Kisumu iko mita 1,131 hivi juu ya usawa wa bahari, na mimea ile hukaa zaidi ya mita 800 juu yako. Joto hupungua takriban nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 unazopanda, lakini kinachokukosesha ua hilo hasa ni usiku, kwa kuwa usiku wa Kisumu haupoi vya kutosha kwa mmea wa mlimani kupumzika, na maji ya jioni juu ya mizizi yenye joto yataleta uozo. Kwa kuwa wewe huna jalidi ya kuogopa, tumia uhuru huo. *Gloriosa superba*, mtambaazi wa kienyeji wenye petali nyekundu zilizopindia nyuma na kingo za manjano, utafurahia joto lako. Kiazi chake kilaze ubavu kwenye udongo mwepesi kabla ya mvua, na ukishike kwa uangalifu, maana kina sumu kali.

Swali. Mshauri, shamba langu liko bondeni upande wa Londiani. Jirani aliye juu kidogo ana fuksia na mgomba wa mapambo vinavyostawi, na mimi nimepanda vilevile, lakini kila mwanzo wa mwaka vyangu vinakuwa vyeusi. Nimeweka ua mnene wa saipresi chini ya mteremko kukinga baridi, na usiku nafunika mimea kwa karatasi ya nailoni. Nifanye nini zaidi?
*Mkulima, Londiani*

Jibu. Ndugu mkulima, jambo la kwanza ni kufanya pungufu. Hewa baridi ni nzito kuliko hewa ya joto, na katika usiku usio na upepo huteremka polepole kufuata mteremko hadi ipate mahali pa kutulia. Ua wako wa saipresi unaizuia kama bwawa, na mimea yako imo ndani ya bwawa hilo. Fungua pengo upande wa chini kabisa, upana wa lango la mkokoteni, au kata matawi ya chini ya saipresi hadi kimo cha goti ili hewa ipite. Kama unataka ua wa kukinga, uweke juu ya bustani, ambako utaigeuza hewa hiyo iende kando. Wakulima wa chai wanalifahamu vizuri jambo hili. Jalidi ya Januari 2012 ilipounguza majani ya chai Kericho na Nandi, mashamba ya mabondeni ndiyo yaliyoumia zaidi.

Nailoni nayo ina hila yake. Ikigusa jani, baridi hupita moja kwa moja na jani huganda pale lilipogusana nayo. Tumia gunia au shuka kuukuu, ulisimamishe juu ya vijiti bila kugusa majani, na ulishushe hadi ardhini, kwa sababu joto unalotaka kulihifadhi linatoka kwenye udongo. Kufunga kifuniko shinani, kama wengi wafanyavyo, ni kuufungia mmea nje ya joto lenyewe. Lifunue asubuhi, barafu ikishaisha.

Joto hilo la udongo unaweza kuliongeza. Udongo wenye unyevu huhifadhi joto la mchana kuliko udongo mkavu, kwa hiyo siku ambayo anga ni safi na upepo umetulia, mwagilia ardhi, si majani, kabla ya saa tisa alasiri. Matandazo ya majani makavu yana pande mbili, na watu hutaja upande mmoja tu: hukinga mizizi na matunguu, lakini huzuia joto la udongo lisipande, hivyo hewa iliyo juu yake hupoa zaidi. Kwa mimea inayolala ardhini, kama *Gladiolus*, tandaza kwa wingi. Chini ya fuksia yenye majani, yasogeze kando Desemba hadi Februari, na uyarudishe mvua zikianza.

Kuhusu mimea yenyewe, kama fuksia yako ni ya maua makubwa yaliyojazana petali, ibadilishe na *Fuchsia magellanica* yenye maua membamba mekundu na zambarau. Asili yake ni kusini kabisa mwa Chile na Ajentina, na hata ikiungua yote juu, huchipua tena kutoka shinani. Mgomba wako wa mapambo, ikiwa ni ule *Ensete ventricosum* wa misitu yetu, una desturi ya kupoteza majani na kubaki na moyo mzima ndani ya shina nene. Funga majani yake ya juu pamoja kwa kamba mwanzoni mwa Januari ili yaukinge moyo huo.

Majani yaliyokwisha kuwa meusi usiyakate sasa. Hayapendezi, nakubali, lakini yanaifunika mimea dhidi ya usiku unaofuata, na ukikata mapema unaamsha machipukizi mapya ambayo jalidi ya Februari itayakuta. Ngoja hadi mvua za Machi zishike, kisha kwaruza gome kwa ukucha kuanzia ncha ukishuka, na ukate pale unapokutana na kijani.